Jipu Kwenye Ini la Baba

Mimi ni mkaguzi wa nyama katika machinjio mojawapo ya wilaya ya Bunda, na kitu kinachonigombanisha na watu karibu kila siku ya kazi ni ini. Mwambie mwenye ng'ombe kwamba mapafu hayafai, atayatazama mara moja na kuyaacha. Mwambie ini halipiti, utadhani umemtukania mama yake. Atalishika, atalipindua, atalinusa, atasema mbona pabovu ni hapa tu, dada, si ukate hapa pembeni, linalobaki tukale. Nitamwambia hapana. Atamwita mwenzake aje aone uonevu. Mwenzake naye atalishika na kulinusa. Baada ya hapo ninalichukua, ninalitumbukiza shimoni na kulimwagia dawa ili lisije likaopolewa, likakaangwa na kuuzwa, maana hilo nalo limewahi kutokea.

Mara nyingi tatizo ni minyoo. Lakini yapo maini yenye majipu, na kwa macho yangu hayo yameongezeka tangu watu waanze kunenepesha ng'ombe kwa pupa. Ng'ombe amekula nyasi maisha yake yote. Mtu anamnunua mnadani, anamfungia zizini na kumjaza pumba na mashudu ya pamba ili apate uzito upesi. Tumbo linachacha. Ukuta wa tumbo unaota vidonda, na vijidudu vinavyoishi humo ndani pasipo hewa vinapenya, vinasafiri na damu mpaka kwenye ini na kujijenga huko. Nje unaona uvimbe wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Ukipitisha kisu, unatoka usaha mzito wenye harufu ambayo sitaieleza, kwa kuwa huenda unasoma huku unakula. Na kinachoudhi ni kwamba ng'ombe mwenyewe hakuonyesha chochote. Alitembea, alikula, ngozi iling'aa, akauzwa kwa bei nzuri.

Ninayaeleza haya ili ieleweke kwa nini nilipomwona baba yangu anashika ubavu wa kulia nilianza kuhangaika kabla ya wengine, na kwa nini kila mtu katika familia yangu alinikera mwaka ule. Baba ni mfugaji na mkulima wa pamba, katika kijiji kimoja cha mbele kidogo ya Nyamuswa. Ni mzima leo, anaendelea kunitia wazimu kama kawaida yake. Lakini nusura tumpoteze, na nikikumbuka jinsi tulivyozungushana, damu bado inanichemka.

Ilianza kwa homa baada ya kuvuna pamba. Homa ya jioni, ya kutetemeka, halafu jasho la kulowesha shuka. Alikwenda kwenye zahanati ya mtu binafsi pale senta. Akapimwa malaria, haikuonekana, akapewa dawa ya malaria. Homa haikuondoka, akarudi, akaambiwa ni taifodi. Siku hizi kwetu mtu akishatolewa damu haondoki hivihivi. Lazima awe na taifodi, na asipokuwa na taifodi ana yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na mwenye bahati anazo zote mbili. Baba alikuwa na bahati. Alimeza dawa za taifodi, akameza na za yutiai, homa ikapungua kidogo, ikarudi, na kila iliporudi alikwenda palepale kupimwa upya, na kila alipopimwa upya taifodi ilikuwepo inamsubiri.

Wakati huohuo alikuwa anakonda. Suruali zake alizikaza kwa kamba. Chakula alikitazama tu, akakisukuma kwa mama. Bega la kulia likaanza kumuuma, na hapo kila mtu akapata la kusema. Mama alisema ni baridi, akawa anamkanda kwa samli. Kaka yangu, ambaye ndiye anayekaa naye pale nyumbani, alisema ni magunia ya pamba, mzee hataki kuacha kubeba. Kwenye kundi la familia la simu zilimiminika ndimu, tangawizi, vitunguu saumu, maombi, na picha za maua ya waridi zenye maneno ya kumtakia afya. Niliuliza humohumo kama kuna mtu amefikiria kumpeleka hospitali kubwa. Jibu lililokuja lilikuwa ua jingine la waridi.

Nikapanda gari kwenda nyumbani. Nilimlaza baba kitandani, nikambonyeza taratibu chini ya mbavu za kulia, akaruka kama aliyechomwa moto. Nikasema sijui ni nini hasa ila ni ini, na kuna kitu kimekaa pale ambacho hakitakiwi kuwa pale. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Huyu si ng'ombe wako," akaniambia. "Usije ukampiga muhuri."

Walicheka wote, hata mama. Baba akacheka, akaguna kwa maumivu, akacheka tena. Ni kweli kwamba mimi ni wa ng'ombe, na kwenye familia yangu hilo ni jambo la kuchekesha kila siku. Mtu akipatwa na kikohozi watasema mpigieni simu daktari wetu, ila mgonjwa afungwe kamba vizuri. Siku nyingine huwa nacheka nao. Siku ile nilitoka nje nikakaa karibu na jiko la mama, nimefura kwa hasira, mpaka mama mwenyewe akaja kuniuliza kimyakimya kama ninasema kweli.

Ni yeye aliyesaidia. Alimwambia baba kwamba kama haendi hospitali na mimi, basi yeye anakwenda kukaa kwao mpaka atakapopona, na samli ajikande mwenyewe. Baba alinuna, akavaa viatu.

Tulikwenda Musoma. Nilifikia kwa rafiki yangu mmoja, mtaa wa Iringo, tuliyesoma naye chuo cha mifugo, na baba akalazwa. Walimpitisha kwenye kipimo cha kuona tumbo kwa mashine, ile ya kupaka mafuta ya baridi na kuzungusha kifaa juu ya ngozi, na daktari akaniita nitazame. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mtulivu, anayeeleza mambo kwa uvumilivu ambao mimi sina. Katika ini la baba, upande wa kulia, palikuwa na duara jeusi ukubwa wa chungwa. Akasema ni jipu. Akasema vijidudu vya namna hiyo mara nyingi vimo ndani ya utumbo wetu sote, vimezoea kuishi pasipo hewa na havina ugomvi na mtu, mpaka vipate njia ya kuingia kwenye damu. Kaka alipopigiwa simu alitaka kuambiwa baba kalishwa nini na nani. Daktari alisema huenda vilianzia tumboni, huenda kwenye jino bovu, na mara nyingi haijulikani kabisa. Jibu hilo halikumridhisha mtu yeyote wa kwetu. Shangazi mmoja alikwishajua tayari kwamba ni ini bovu alilokula kwenye harusi fulani, na akamtaja hata aliyemkatia.

Pale wodini baba aliniuliza swali moja. Daktari alikuwa ameshaondoka.

"Ndani yake ni usaha?"

Nikamwambia ndiyo, ni usaha. Akageukia ukutani, hakusema tena mpaka jioni. Nilidhani amechoka.

Walimchoma sindano za dawa na kumpa vidonge, na homa ikashuka. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Kwanza vile vidonge. Alivitambua. Ni metronidazoli, dawa ambayo kwetu hakuna duka la dawa lisiloiuza, na mtu akiharisha kidogo ananunua, anameza viwili vitatu, anaacha. Baba alijiona ametukanwa kabisa. Alisafiri mpaka Musoma, akalazwa, akapigwa picha za tumbo, halafu akapewa dawa ya kuharisha. Nilimweleza kwamba dawa hiyohiyo ndiyo inayowaua wale wasiotaka hewa, wawe kwenye utumbo au kwenye ini. Akaniambia yeye haharishi. Nikaeleza tena. Akaniambia tena kwamba haharishi.

Halafu likaja la sindano ya kunyonya. Daktari alisema jipu lenyewe ni kubwa, dawa peke yake zitachukua muda mrefu na huenda zisiliweze, kwa hiyo anataka kupitisha sindano ndefu ubavuni huku akitazama kwenye mashine, aunyonye usaha wote utoke. Baba alisikiliza kwa heshima zote. Akamshukuru daktari, akamwita "mama" kwa adabu, akamuulizia na hali ya wazazi wake. Daktari alipoondoka akaniambia tunarudi nyumbani.

Nilisema kila nilichoweza kusema. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, nikampigia mama aseme yeye. Alikuwa na hoja moja tu na aliishikilia: mtoto wa kiume wa baba mdogo alikuwa anapelekewa mahari kwa wakwe Butiama, na yeye kama mkubwa wao lazima awepo. Kwetu mkubwa wa familia ndiye anayekunywa pombe ya kwanza siku hiyo. Funda la kwanza hulipuliza mlangoni kwa wakwe, la pili hulimeza, kisha husema maneno ya baraka, na hapo ndipo ng'ombe wanaweza kuzungumzwa. Hakuna mwingine anayeweza kulifanya hilo maadamu mkubwa yu hai na anaweza kusimama. Homa ilikuwa imeshuka, aliweza kusimama, na akasimama kweli mbele ya daktari ili amwone. Daktari alimwonya, akamwandikia vidonge vya kumaliza nyumbani, akasema pombe asiguse hata kidogo, kwa sababu dawa ile na pombe hazipatani. Mimi nilikuwepo. Baba alikuwepo. Masikio yote manne yalisikia.

Najua jinsi baba yangu alivyo, kwa hiyo nilijipanga. Nilikwenda kwa baba mdogo kabla ya siku yenyewe, nikamwomba pale Butiama pawepo na togwa pembeni, yaani kinywaji kilekile cha nafaka kabla hakijachachuka kikawa pombe, ili baba apulize hicho. Baba mdogo alikubali bila shida. Alisema hata wakwe hawatajua, rangi ni ileile. Siku ya siku nilifika mapema, nikaiona togwa, nikaionja mwenyewe, nikaisimamia ikitiwa kwenye kibuyu kidogo na kuwekwa karibu na kiti chake. Nilikaa na wanawake upande wa jikoni nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Baba akasimama. Akaletewa kibuyu. Alinusa, akanitafuta kwa macho kati ya wanawake wote wale mpaka akanipata, na akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba yeye habarikigi ndoa kwa uji wa watoto. Wakwe wakacheka, wakampenda papo hapo. Akaletewa pombe yenyewe. Funda la kwanza akapuliza. La pili akameza. Na kwa kuwa alishaanza kupendwa, akameza na la tatu.

Hakumaliza yale maneno. Uso ulimwiva, jasho likamtoka, akasema moyo unamwenda mbio, akashikwa mkono akapelekwa nyuma ya nyumba na huko akatapika mpaka nikadhani anatapika na roho. Mkubwa wa upande wa mwanamume amebariki, kisha ametapika baraka zake kwenye migomba ya wakwe. Mzee mmoja wa upande wa pili aliuliza kwa adabu kama tumekuja kwa heri. Baba mdogo alinifuata jikoni akiwa amekasirika, akaniuliza nimeweka nini kwenye ile togwa. Nilimwambia hakunywa togwa. Akasema basi kama angekunywa togwa yasingetokea haya, na akanitazama kana kwamba nimempinga. Nilitamani kukaa chini pale kwenye majivu nilie.

Ng'ombe walikuja kuzungumzwa hatimaye, ndoa ikafungwa, wana mtoto sasa. Lakini baba aliporudi nyumbani alikuwa na uamuzi wake. Kilichotaka kumuua kule Butiama ni vile vidonge. Pombe amekunywa tangu ujana wake, haijawahi kumfanya hivyo, kwa hiyo mwenye kosa ni mgeni, na mgeni ni kidonge. Akavitupa kwenye choo cha shimo. Kaka hakunipigia simu kuniambia. Mama aliponiambia, zilikwisha kupita siku nyingi, na homa ilikuwa imerudi.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Ilikuwa mchana. Nilimkuta amelala kwenye mkeka uani, macho yana umanjano, ngozi ya mikono imelegea. Kaka alikuwa karibu anakarabati jembe la kukokotwa, mama anapepeta mtama. Nilimsalimia, akaitikia, akaniuliza habari za Bunda na mvua imefikia wapi. Mvua. Nikapandwa na kitu ambacho hata leo sikijui. Nilimfokea baba yangu mzazi, nimesimama na yeye amelala, jambo ambalo mtoto wa kwetu hafanyi. Nilimwambia anajiua makusudi. Nilimwambia anawafanya watu wazima wote wa nyumba hii watumwa wa kiburi chake, kwamba nimechoka, nimechoka kubembeleza, nimechoka kueleza, nimechoka kupigiwa simu za kuambiwa amezidiwa na mtu aliyekataa dawa kwa mikono yake. Mama aliacha kupepeta. Kaka alitazama chini. Nilikuwa ninalia kwa hasira na makamasi yananitoka.

Baba alingoja nimalize. Yeye huniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Mama, wewe ini lenye usaha unalifanyaga nini?"

"Ninalitupa, baba."

"Lote?"

"Lote."

"Hujawahi kusema hili tuliache litapona."

"Hayo ni ya ng'ombe, baba. Ng'ombe ameshachinjwa."

"Ndiyo," akasema. "Ndicho ninachokisema."

Kumbe ndilo alilokuwa nalo tangu Musoma, tangu lile swali la usaha. Kuna mwaka alileta dume lake mwenyewe machinjioni kwetu, nikalikuta ini lina majipu, akaniomba mbele za watu nimwachie kipande, nami nikalitumbukiza shimoni lote huku anaona. Alilisimulia hilo kijiji kizima kwa majivuno, binti yangu hapendelei hata baba yake. Na pale wodini aliposikia usaha alikumbuka lile shimo. Ini likishaingia usaha, binti yake mwenyewe amesomea hilo na serikali inamlipa kwa hilo, halina dawa, linatupwa lote. Sasa daktari anasema anataka kuingiza kitu ubavuni atoe. Alielewa anachotaka kutoa. Hakuna mtu anayeishi bila ini, na yeye amechinja wanyama wa kutosha kulijua hilo.

Hasira yangu ilikosa pa kwenda. Nilikaa chini kwenye mkeka wake nikaanza kueleza upya, safari hii kwa kutumia kijiti na vumbi. Nilimchorea ini. Nilimchorea jipu. Nikamwonyesha sindano inapopita, usaha unapotoka, ini linapobaki palepale na lile shimo linavyojifunga lenyewe taratibu. Nilimwambia mimi ninatupa maini kwa sababu yanakwenda kuliwa, sitibu yeyote pale, ninawalinda walaji. Nikamwambia kwamba nimewahi kukuta ng'ombe wazee wenye makovu meupe ndani ya ini, mahali palipokuwa na jipu likapona lenyewe, na wamelima miaka mingi baada ya hapo. Nilieleza mpaka koo likanikauka. Kaka naye alisogea, akainama kutazama mchoro, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Baba aliinuka kidogo kwa kiwiko. Alitazama vumbi, akanitazama mimi, akasema haya, kesho twende.

Nilifurahi, na nitakiri kwamba nilijisifu. Nilimwambia kaka tatizo la familia hii ni kwamba hakuna anayejua kumweleza mzee kitu akaelewa. Nilimwambia mtu si mkaidi, mtu anataka kuelezwa tu. Kaka alikubali kila neno, jambo ambalo si kawaida yake.

Asubuhi niliita gari, likafika, na baba akaanza kuchelewesha. Alioga polepole. Alivaa koti lake la kanisani. Alikwenda zizini akasimama, akawa anawatazama ng'ombe mmoja mmoja, akamwita kaka akamwonyesha huyu amekopeshwa kwa nani na yule ana mimba ya lini. Akasema yule mtamba mweusi ni wangu mimi, asiuzwe wala asitolewe kwa mahari ya mtu. Akamwambia mama kuhusu mpaka wa shamba la chini na jirani, jambo ambalo mama analijua miaka yote. Dereva akapiga honi. Mimi nilikuwa nimeshikilia mlango wa gari, presha imepanda, nawaza foleni ya Musoma na daktari atakayekuwa ameondoka. Nikamwambia baba, mambo ya ng'ombe tutayaongea ukirudi, twende. Akanitazama kidogo, akasema haya mama, akaja.

Njiani alitazama mashamba dirishani. Nilifurahi kwamba habishani.

Daktari alikuwepo na alifanya kazi upesi. Aliniruhusu nikae upande wa kichwani kwa baba, nimshike mkono. Alimchoma ganzi ubavuni, akapitisha sindano huku anatazama kwenye mashine, na usaha ulipoanza kuingia kwenye bomba ile harufu ikajaa chumbani. Muuguzi alifungua madirisha. Ningeitambua popote, ni ileile ya kila wiki kazini, ila haijawahi kunijia ikitoka kwa mtu ninayemshika mkono. Daktari alisema hao ndio wale wasiotaka hewa, harufu yao haifichiki. Akanyonya, akamimina, akanyonya tena, mpaka ule weusi kwenye mashine ukanywea. Baba muda wote huo alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anahesabu maumivu.

Tulipomrudisha wodini alilala. Nilikaa kando ya kitanda nikipanga ratiba ya vidonge kichwani, na maneno makali nitakayomwambia kuhusu pombe, na kuhusu choo cha shimo, na kuhusu kaka kuvihifadhi hivyo vidonge yeye mwenyewe kuanzia sasa. Nilikuwa na mengi. Mchana alifumbua macho. Alitazama dari, akatazama dirisha, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Kisha akapeleka mkono ubavuni, juu ya plasta, akapapasa taratibu.

"Ini wameniachia?"

Mwanzoni sikuelewa anachouliza. Nikamwambia ndiyo baba, ini liko, si nilikueleza jana, ni usaha tu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, nimeona kwa macho yangu. Akavuta pumzi, akaitoa, na machozi yakamtoka kwenye pembe za macho yakatiririkia masikioni, na hakuyafuta.

Ndipo nikajua kwamba ule mchoro wa vumbi, na makovu meupe, na koo langu lililokauka, hakuamini hata kimoja. Alipanda gari akijua anakwenda kutolewa ini. Aliwaaga ng'ombe wake akijua hivyo, na mimi nilikuwa nimeshikilia mlango ninamharakisha.

Nikamuuliza, kama alidhani hivyo, kwa nini alikubali kuja.

"Nilikuona umechoka, mama," akasema. "Nikasema nikupumzishe."

Yale mengi niliyompangia yote yaliniishia mdomoni. Nilimshika mkono nikaulaza usoni kwangu, nikalia pale mbele ya wagonjwa wa watu wengine, na baba akawa ananibembeleza kwa mkono uliobaki, mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.